Gemu limemwita binti yangu mnene, sasa anafunga Jumatatu na Alhamisi

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Binti yangu ana miaka kumi na nusu, mdogo wake wa kiume ana minane. Mwezi wa pili mjomba wao alirudi kutoka Muscat na zawadi, na mojawapo ilikuwa mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, pamoja na gemu la mazoezi. Nilifurahi sana. Hapa kwetu hakuna uwanja, chini ni maegesho ya magari tu, na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alishasema msichana wa umri ule hashuki kuruka kamba mbele ya madereva. Nikasema basi watatokea jasho sebuleni.

Gemu lenyewe, kabla hujacheza, linataka umri, urefu na uzito. Urefu niliupima kwa futi ya fundi cherehani, nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango. Uzito alipanda kwenye mizani yangu, ile niliyoinunua mwezi wa kumi na mbili nilipotaka kuingia kwenye gauni la sendofu ya mdogo wangu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, amevaa dera lake. Sentimita 142, kilo 40.

Gemu likafikiri kidogo, kisha kioo kikawa cha njano, yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba uzito wake umezidi. Na kile kikatuni kinachomwakilisha kikavimba tumbo palepale, kikainamisha kichwa. Cha mdogo wake kilikuwa kimerukaruka kwa furaha. Tulicheka wote, Bi Mkubwa. Na mimi nilicheka.

Tangu siku hiyo yule mdogo anamwita dada yake kwa lile neno la kwenye gemu, na huyo dada anakula nusu sahani anasema ameshiba. Halafu akaanza kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Bibi yake akafurahi, akawaambia majirani wote wa ngazi ya pili na ya tatu. Mimi pia sikuona kitu. Alhamisi ya tatu nikamkuta bafuni juu ya mizani, amejifunga kanga tu. Aliniuliza, "Mama, nikifika 35 kitaacha kuvimba?"

Mume wangu anasema mashine haina upendeleo, imesema kweli, na ukoo wetu umejaa sukari na presha, kwa hiyo mtoto aambiwe mapema. Bibi anasema mjukuu wake amenawiri, nani anataka mtoto kama ufito. Mimi nipo katikati. Nilitupe? Gemu la namna hii linawafaa watoto kweli? Au ni mimi ninayekuza mambo?

Mama wa Upanga

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Gemu litasubiri. Nianze na chakula, maana mtoto wa miaka kumi na nusu anayekwepa mlo kwa siri ni jambo la wiki hii. Na hapana, hukuzi mambo.

Usimvamie kwa kumuuliza anafunga kwa nia gani. Ukimuuliza hivyo atajifunza kuficha vizuri zaidi, na utamuumbua mbele ya bibi aliyekwisha kumtangaza ngazi mbili za jengo. Anza na mama mkwe, mkiwa wawili tu, umsimulie ulichokiona bafuni na lile swali la 35. Katika hili yeye ana sauti kuliko mimi na wewe. Akimwita mjukuu wake na kumwambia kwamba hajabaleghe, kwamba hata Ramadhani yenyewe bado haijamlazimu, na kwamba zile siku wataanza kufunga pamoja akishakuwa mkubwa, mtoto atarudi mezani bila kuonekana ameshindwa.

Kisha kaa naye wewe. Usianze na uzito, anza na kicheko. Mwambie, "Siku ile nilicheka, na sikupaswa kucheka. Nisamehe." Ishia hapo, usiweke "lakini" nyuma yake. Na lile swali lake lijibu waziwazi, kwa sababu amekuuliza kwa dhati: hapana, hatafuti 35. Mtoto wa umri wake anatakiwa aongezeke kilo mwaka hadi mwaka, anajenga mifupa na anarefuka. Tukimwona amebaki palepale, au anarudi nyuma, hapo ndipo sisi watu wazima tunashtuka.

Kama kufunga kutaendelea baada ya mazungumzo hayo, au ukiona anaficha chakula, anajitapisha, anapata kizunguzungu, au kilo zinashuka kweli, mpeleke hospitali na umweleze daktari habari yote kuanzia gemu. Usimwambie tu kwamba mtoto hali vizuri. Utapewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani.

Sasa tuje kwenye hukumu ya gemu. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu, na nimefurahi kwamba ulinitajia namba. BMI, kipimo cha kulinganisha uzito na urefu, ni kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 40, mita 1.42, unapata 19.8. Kwa mtu mzima hiyo ni namba nzuri kabisa, kwani kawaida ya watu wazima huanzia 18.5 na kuishia chini kidogo ya 25. Lakini watoto hawapimwi kwa mstari huo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 majedwali ya watoto wa miaka 5 hadi 19, na humo kila umri una namba zake, wavulana mbali na wasichana mbali. Kwa msichana wa miaka kumi na nusu, namba ya katikati ni karibu 16.9, na mstari wa kuhesabiwa uzito umezidi ni karibu 19.4.

Kwa hiyo baba yake ana punje ya ukweli, na sitamnyima. Kwa jedwali la watoto, binti yenu yuko juu kidogo ya mstari.

Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo ninapotaka mume wako asome mwenyewe. Mvue dera, mpime asubuhi kabla ya chai, tuseme zikatoka kilo 39. Hesabu inakuwa 19.3, yuko chini ya mstari. Au ziache kilo zake 40, ila useme futi ya fundi ilijikunja kwenye fremu na urefu wake wa kweli ni sentimita 144. Inatoka 19.3 tena. Futi zile za kitambaa hunyumbuka, na mtoto mwenye shauku ya kucheza hasimami wima. Sahani moja ya wali, dera, na sentimita mbili za mlangoni, na kile kikatuni kingerukaruka kama cha mdogo wake. Mashine haina upendeleo, sawa. Ila haikuwepo mlangoni ulipokuwa unapima.

Tena wasichana wa umri huu huanza kujaa kabla ya kurefuka, au vyote vikaja kwa mpigo. Wengi hupanda kimo kwa kasi kati ya miaka kumi na kumi na tatu. Ukimpima katikati ya safari hiyo unapata picha ya mtu aliyenyanyua mguu mmoja. BMI yenyewe haijui mfupa, msuli wala mafuta. Aliyeitunga hesabu hiyo, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, alikuwa mtu wa elimu ya nyota na takwimu, akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kwa mkono wa Ancel Keys wa Marekani. Madaktari wanaitumia hadi leo kwa sababu ni nyepesi na inawaonyesha nani wa kumtazama zaidi. Wakishaiona wanaanza kuuliza maswali. Gemu likishaiona linavimbisha tumbo.

Unaikumbuka kadi ya kliniki ya watoto wako? Kila mwezi nesi alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akaweka nukta, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Hakuna aliyekuambia "mtoto wako mnene". Kilichotazamwa ni mstari, kama unapanda, umelala au unashuka. Mtoto mkubwa aliyekuwa mkubwa siku zote na mstari wake unapanda taratibu hakumtisha mtu. Akishatimiza miaka mitano kadi inaingia kabatini, na kuanzia hapo wengi wetu hatuna tena mstari, tuna nukta moja moja tu: mizani ya duka la dawa, shangazi kwenye harusi, na sasa gemu. Kama baba ana hofu ya sukari na presha, hofu ya haki kabisa kwa ukoo anaoujua, ampeleke binti kwa daktari wa watoto, apimwe kwa kipimo cha ukutani, arudi baada ya miezi sita apimwe tena. Itafaa kuliko kumwachia mwalimu wa kwenye kioo.

Umeniuliza kama magemu haya yanawafaa watoto. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko binti yako. Desemba 2007 kampuni ya Nintendo ilitoa Japani gemu liitwalo Wii Fit, na mwaka uliofuata likaingia Ulaya na Marekani. Unasimama juu ya kibao chenye vihisio vinne, kinakupima, kinatoa BMI, kinakuweka kwenye fungu, na kikatuni chako kinanenepa au kukonda kulingana na fungu hilo. Liliuzwa nakala zaidi ya milioni 22. Mei 2008, Uingereza, msichana wa miaka kumi akaambiwa ni mnene, familia ikalalamika, magazeti yakaandika. Nintendo wakaomba radhi kwa maneno yaliyotumiwa na gemu lao, wakakiri kwamba namba hizo huenda zisiwe sahihi kabisa kwa watoto, kwa sababu ya tofauti za ukuaji. Soma tena hapo. Waliotengeneza ndio waliosema hivyo, na bado gemu lilikuwa tayari kumpima mtoto mdogo.

Sijui kwa nini tulitegemea vingine. Mtengenezaji anataka urudi kesho, na mtu hurudi akiona mstari unaosogea. Kwa mtu mzima aliyejipangia kupungua, mchezo huo unaweza kumsaidia, wapo waliofaidika na siwabezi. Mtu mzima anaweza pia kulicheka gemu na kuzima. Mtoto wa miaka kumi hawezi. Kwake kile kikatuni ni yeye. Alikichagulia nywele na nguo, akakipa jina lake, kisha kikavimba mbele ya familia nzima.

Ila kucheza kwenyewe sikukatazi, tena nakuomba usikatishe. Shirika la Afya Duniani linawataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamke kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kiasi cha kuhema. Kwenye ghorofa ya tatu isiyo na uwanja, dakika 20 za kurukaruka mbele ya runinga ni dakika 20 zilizopatikana. Kigezo changu ni rahisi. Tazama gemu linampa mtoto alama kwa ajili ya nini. Lipo linalompa nyota kwa kufuata hatua za dansi, kama Just Dance, na akikosea anarudia. Hilo linahukumu alichofanya. Hao hao Nintendo mwaka 2019 walitoa Ring Fit Adventure, ambamo mchezaji anapigana na joka kwa kuchuchumaa na kubana duara la mkononi. Uzito na umri vinaulizwa, lakini mchezaji hapandishwi mizani kila siku ili kuambiwa yuko fungu gani. Linalomhukumu mtoto kwa umbo alilokuja nalo, mimi silitaki sebuleni kwangu.

Kwa hiyo usilitupe kabla hujalichunguza. Kaa nalo usiku watoto wakishalala, uone kama unaweza kuingia kama mgeni, au kuruka ile sehemu ya kupima na kwenda moja kwa moja kwenye michezo. Ikiwezekana, futa vile vikatuni viwili na muanze upya bila namba. Isipowezekana, tafuta gemu jingine la mashine hiyohiyo. Usije ukaandika kilo za uongo ili kikatuni kikonde. Najua kishawishi hicho, ni cha dakika moja na mtoto atatabasamu. Lakini utakuwa umekubali kwamba gemu lina haki ya kumsifu, na kesho atataka sifa hiyo kwa kilo za kweli.

Huyo wa miaka minane msimpige wala msimfanye mwovu wa hadithi, kwa sababu neno lile alilikuta likichekewa na wakubwa. Wekeni sheria moja, isiyo na msamiati mrefu, kwamba nyumba hii mtu haitwi kwa mwili wake. Na iwahusu wote, pamoja na bibi na "ufito" wake. Anamsifu mjukuu kwa kunawiri, nia yake njema, lakini mtoto anasikia kwamba mwili wake upo mezani unajadiliwa, baba anaupunguza na bibi anauongeza. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2016 kiliwashauri wazazi hivyohivyo: mazungumzo ya uzito na mizaha ya mwili iachwe, mlo wa kujinyima usihimizwe kwa watoto, na familia ile pamoja. Hilo la mwisho kwenu halihitaji daktari, sinia mnayo.

Na kamba. Mama mkwe asiponielewa na anisamehe, lakini msichana wa miaka kumi kunyimwa kamba kwa sababu ya madereva ni adhabu iliyoangukia mtu asiyehusika. Kama maegesho hayafai, Upanga haina uhaba wa shule zenye viwanja, na Jumamosi asubuhi baba anaweza kuwapeleka ufukweni Coco wacheze rede mchangani. Aingie na yeye katikati, ajaze chupa huku anakwepa mpira. Baada ya raundi ya pili hatazungumzia tena uzito wa mtu.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni lako. Mizani umeitaja kwa mstari mmoja tu, mimi nimeusoma mara tatu. Uliinunua mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya gauni. Kwa hiyo kabla gemu halijafika kutoka Muscat, binti yako alikuwa tayari ameshaona mwanamke anayempenda kuliko wote akipanda juu ya kile kitu asubuhi, akitazama chini, na uso ukibadilika. Gemu lilimpa namba, lakini namna ya kuihuzunikia namba aliijua. Sikulaumu, wengi wetu tumefanya hivyo, na mimi nilikunywa chai za kupunguza tumbo hadi nikachoka. Ila mizani hiyo itoke bafuni. Mpe jirani, au ipeleke jikoni upimie unga wa vitumbua.

Futi irudishe kwa fundi, na gauni uende nalo. Mwambie aachie mishono ya pembeni, kitambaa cha akiba huwa kipo ndani.